Kipengele cha Kufufua

Ujumbe uliingia mchana, nguo za mtoto zikiwa zimeanikwa na bibi ameketi kwenye kigoda mlangoni, pale penye mwanga mwingi. Aliisikia simu ikilia kidogo mapajani, akainyoosha kuelekea ndani bila kugeuka.

“Mama Kidoti, hebu nisomee. Macho yangu leo yamegoma kabisa.”

Mkwe wake alikuwa kwenye cherehani, anapunguza suruali ya mteja aliyekonda ghafla. Akang’ata uzi, akaja, akasoma kwa sauti. “Mfuko wa Wastaafu unatoa pole kwa familia kwa kuondokewa na mwanachama wetu mpendwa. Warithi mtajulishwa hatua zinazofuata. Tafadhali usijibu ujumbe huu.”

“Maskini. Nani amekufa?”

Mama Kidoti alisoma tena, safari hii kimoyomoyo, kidole kikifuata tarakimu. “Nambari ya uanachama ni yako, mama.”

“Yangu mimi?”

“Yako wewe.”

Bibi alifikiri kidogo. “Na hawakusema nimekufa kwa ugonjwa gani?”

Wakaangua kicheko wote wawili, hata Kidoti aliyekuwa anachora sakafuni akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Walicheka kwa raha kwa sababu kifo hicho walikuwa wanakijua. Miezi michache nyuma Baba Kidoti, mwanawe bibi, alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akasema, “Leo nimemuua mama,” na bibi akamuuliza kama amemzika pazuri.

Baba Kidoti ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi wa mfumo mpya wa Mfuko, tangu siku ya kwanza ya kuwauliza makarani wanataka nini mpaka siku ya makabidhiano. Ofisini walimwita Bwana Tarehe, maana ukimwambia jambo lolote, hata kwamba umeoa, alikuuliza, “Tarehe ngapi?” Siku ile ilikuwa ya majaribio. Makarani walikaa mbele ya kompyuta wakijaribu kila ukurasa: kuandikisha mwanachama, kubadili anwani, kulipa. Walipofika kwenye ukurasa wa kuandika vifo, mikono ikatoka kwenye vibao vya herufi. Jina la kubuni mfumo haulipokei, na la marehemu wa zamani lilikuwa limekwisha kufungwa. Ilitakiwa nambari ya mtu hai. Karani wa kumbukumbu, mama mtu mzima, alikunja mikono akasema yeye hamwandiki mtu hai kuwa marehemu, hata kwa mchezo, watu wana watoto. Saa zilikuwa zinakwenda. Bwana Tarehe akamsogeza taratibu, akaandika nambari pekee aliyoijua kwa moyo, ya mama yake. Palipotaka nambari ya cheti cha kifo akabonyeza moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukurasa ukawa wa kijani, kazi ikaendelea.

“Kumbe ndiyo wameniletea taarifa leo,” bibi alisema, akifuta machozi ya kicheko kwenye macho yasiyoona vizuri. “Mtoto akirudi mwambie mfu wake anataka chai.”

Baba Kidoti alirudi jua likizama, na shati la kwendea kuomba kazi, kwa kuwa mkataba wake ulikwisha siku ile ile mradi ulipokwisha. Mke wake akampa simu huku ameanza kutabasamu. Tabasamu likabaki peke yake.

“Hii haikutoka kwenye majaribio,” alisema. “Imetoka kwenye mfumo wenyewe.”

“Si ulisema vifo vya majaribio mlivifuta vyote?”

“Nilisaini kwamba tumevifuta.”

Mama Kidoti hakuuliza tofauti. Aliiona. Fundi wa mkandarasi alisema amefuta, mgeni rasmi wa uzinduzi alikuwa tayari njiani, na mumewe alikuwa mtu wa tarehe.

“Kesho nitapita pale Mfuko,” mumewe alisema. “Ni jambo la dakika tano.”

*

Kesho hiyo ilikuwa siku ya bibi kuchukua dawa ya macho. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula kuona kutoka pembeni kuja katikati kama panya anavyokula mkate. Matone ya kila siku ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia, na matone yalilipwa na kadi ya Mfuko. Mama Kidoti alimshika mkono bibi, Kidoti akashika gauni la bibi nyuma, wakaenda hivyo mpaka dirisha la dawa.

Mtoa dawa alikuwa kijana mwenye adabu. Aliipitisha kadi mara ya kwanza, akaipangusa kwenye koti lake, akaipitisha tena. Kisha akainama karibu na tundu la kioo, akashusha sauti.

“Samahani. Hii kadi ni ya marehemu.”

“Ni yangu,” bibi alisema.

“Naelewa, mama. Lakini inaandika marehemu.”

“Wewe mwanangu unanionaje?”

“Mimi nakuona, mama. Mashine ndiyo haikuoni.”

“Basi tumekuwa wawili tusioona.”

Nyuma kwenye foleni mtu akacheka. Mwingine akasema siku hizi watu wanakuja na kadi za wazazi waliokufa kuchukua dawa za kuuza, serikali inaibiwa hivihivi. Hakusema kwa nguvu, ila alisema kwa kusikika. Mama Kidoti aligeuka, akakuta nyuso zote zinatazama mahali pengine. Alikuwa na maneno, ila Kidoti alikuwa anamtazama, akayameza.

“Naomba basi unisaidie chupa moja, kesho tutaleta—”

“Dada, dawa haitoki bila mfumo kukubali. Zamani tulikuwa tunaandika kwa mkono, sasa daftari limeondolewa.” Akairudisha kadi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. “Mnaweza kununua duka la nje.”

Walinunua duka la nje, kwa hela ya suruali ya yule mteja aliyekonda na ya gauni ambalo halijaanza kushonwa. Chupa ilikuwa ndogo kama kidole cha Kidoti.

*

Chumba cha mradi kilikuwa kimegeuzwa stoo ya viti. Ukutani bado kulining’inia kitambaa cha siku ya uzinduzi: MFUMO UMEKAMILIKA KWA WAKATI. Bwana Tarehe alipita chini yake, akafika mapokezi. Binti wa mapokezi alikuwa mwanafunzi wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kufungua tiketi za malalamiko.

“Shikamoo, mwalimu. Umetukimbia.”

“Marahaba. Nifungulie tiketi moja.” Akamtajia nambari.

Binti aliandika, akasimama. “Inakataa. Inasema malalamiko yafunguliwe na mwanachama aliye hai.”

“Lalamiko lenyewe ndilo kwamba yuko hai.”

“Naam.” Alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama yeye, akasubiri mwalimu amwambie abonyeze wapi. Mwalimu alikuwa anajua kwamba hakuna pa kubonyeza.

Mkuu wa Mifumo alimpokea vizuri, akamwagizia maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungusha kiti polepole.

“Kulikuwa na kipengele cha kufufua,” alisema. “Kwenye mahitaji ya mwanzo kabisa. Yule mama wa kumbukumbu alikiomba. Kumrudisha mwanachama aliyeandikwa amekufa kwa makosa.”

“Kilikuwepo.”

“Nani alikikata?”

“Mimi. Tulikuwa tumechelewa, kuna vitu ilibidi vitoke.”

“Nakumbuka na ulichosema.” Mkuu alitabasamu, si kwa ubaya. “Ulisema siku ya kufufuka hatutahitaji pensheni. Kikao kizima kilicheka. Hata mimi.”

Bwana Tarehe akanywa maji. “Rekodi moja tu, Mkuu. Fundi anaingia kwenye hifadhidata, anabadilisha neno moja, anatoka.”

“Anaingiaje? Ufunguo wa huko ameondoka nao mkandarasi, na kanuni ya kutogusa kwa mkono tuliipitisha pamoja. Unajua kwa nini. Mradi mzima ulikuja kwa ajili ya wastaafu hewa. Makarani walikuwa wanafufua marehemu kila mwisho wa mwezi, wanakula nao. Tumefunga mlango huo. Nikiufungua kwa mama yako, kesho nitaletewa mama wa kila mtu.” Akasogeza kitabu cha ripoti chenye jalada la kung’aa. “Yumo humu, nadhani. Kwenye idadi ya hewa tuliowaondoa. Wafadhili wameshaisoma.”

“Mama yangu si hewa.”

“Najua, ndugu yangu. Aliwahi kutuletea karanga hapa. Andika ombi la mabadiliko, liende kwenye kamati.”

“Kamati inakaa lini?”

“Ilivunjwa siku ya makabidhiano. Itaundwa nyingine awamu ya pili ikianza.”

“Tarehe ngapi?”

Ilimtoka kwa mazoea. Mkuu alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilimwuma kuliko kicheko. “Bwana Tarehe,” alisema, “safari hii mimi sina tarehe. Lakini si umeomba kuisimamia hiyo awamu ya pili? Basi. Ukiingia, hilo liwe la kwanza. Ila usilipigie kelele sasa hivi. Ukisema vya majaribio vilibaki, watauliza nani alisaini.”

*

Akangoja. Aliandika ombi la mabadiliko kwa ufasaha kama alivyoandika yote, akaweka kichwa, sababu, athari ya kutofanyika. Kwenye athari aliandika “upofu”, akafuta, akaandika “usumbufu kwa mwanachama”, kwa kuwa ndivyo kamati zinavyopenda. Mke wake alisoma begani kwake.

“Rudisha lile neno la kwanza,” alisema.

Akalirudisha. Halikubadilisha kitu, kwa maana hapakuwa na wa kulisoma.

Nyumbani walianza kuibana chupa. Tone la asubuhi likaondoka, likabaki la jioni. Kisha hata la jioni kwa macho mawili likawa zito. Mama Kidoti alikuwa ameinama na chupa juu ya uso wa mama mkwe wake, ameibinya taratibu asipoteze, bibi alipomshika kiwiko.

“Tuchague moja.”

“Moja nini, mama?”

“Jicho. Tukigawa hivi tutayakosa yote. Weka la kulia. Hili la kushoto limeshaona mengi, lipumzike.”

“Usiseme hivyo.”

“Nisemeje? Nimekaa kwenye swichibodi ya simu ujana wangu wote. Laini zikizidiwa unakata moja ili nyingine iongee.” Akafungua jicho la kulia kwa vidole vyake mwenyewe. “Weka, mwanangu. Usilie juu yangu, utaharibu dawa.”

Mama Kidoti akaweka. Kidoti alikuwa amesimama pembeni na mwanasesere wake, na baadaye walimkuta anamtia mwanasesere maji ya kikombe kwenye jicho moja tu.

Baba Kidoti yote haya aliyaona. Alikuwa mwana mwema, hilo lazima lisemwe. Alifua, alibeba maji, alimsomea mama yake magazeti. Ila alikuwa amepoteza ile sauti yake ya kuuliza. Mke akimwambia mteja atakuja kuchukua nguo, hakuuliza lini. Jioni moja bibi alijaribu kumchokoza.

“Mwanangu, wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye hapa, ananivuta gauni. Wewe unayatoa wapi majuto na wajukuu huna?”

Alicheka kidogo kwa heshima, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Awamu ya pili ilitangazwa mvua zikianza. Mkandarasi mpya alikuja na msimamizi wake mwenyewe. Bwana Tarehe alimtafuta, akampata kwa simu, akamweleza habari ya kipengele cha kufufua. Kijana alikuwa msikivu. Alisema kipengele ni kizuri, atakiweka kwenye orodha ya awamu ya tatu.

*

Siku chache baadaye ujumbe mwingine ukaingia, safari hii kwenye simu ya Baba Kidoti, aliyeandikwa mrithi. Mkono wa pole wa marehemu, hela ya msiba, ulikuwa tayari. Mrithi afike na kitambulisho, asaini, apokee.

Daktari wa macho naye alikuwa ameshasema lake. Jicho la kushoto amechelewa kuletewa. La kulia bado lina kitu, lakini matone peke yake hayatoshi tena. Lifanyiwe upasuaji upesi, na malipo kwanza. Mkono wa pole ungetosha, na ungebaki wa chupa kadhaa.

Walikaa sebuleni watu wazima watatu. Mvua iligonga bati kwa nguvu, ikabidi wapaze sauti kusema mambo ambayo mtu angependa kuyanong’ona.

“Nikisaini, faili linafungwa,” Baba Kidoti alisema. “Moja kwa moja. Nimeijenga hivyo. Hata wakileta kufufua, halifufui faili lililokwisha kulipwa. Pensheni basi. Kadi basi.”

“Na usiposaini?” mama yake aliuliza.

“Linabaki wazi. Linangoja.”

“Linangoja nini?”

“Na itakuwa ni wizi,” Mama Kidoti alisema. “Kula hela ya msiba na mtu yu hai. Wakijua, watamfunga baba wa mtoto.”

“Mimi niliwaita wezi watu kama hao,” mumewe alisema. “Niliandika ripoti nzima.”

Bibi aligeuza uso kuelekea dirishani, lakini giza lake lilikuwa pale pale. Alikuwa mwanamke wa sauti. Alijua mtu amekaaje kwa kumsikia anavyopumua. Alisikia mwanawe amejikunja.

“Nyoosha mgongo,” alimwambia. “Saini.”

“Mama—”

“Hiyo pensheni nimeitafuta kwa masikio yangu haya. Nimeambiwa matusi na watu waliopiga nambari isiyo yao, nikawajibu kwa adabu. Kama hawataki kunipa nikiwa hai, nitaichukua nikiwa maiti. Nataka kumwona huyu mtoto akianza shule. Nikishamwona, hata wakija kunizika kweli sitabisha.” Kisha akaongeza, “Ila hela ya kunizikia mtatafuta wenyewe. Hiyo nitakuwa nimeila.”

Mama Kidoti alicheka, na katikati ya kicheko akaona analia, akainuka kwenda kutazama kama mvua inaingia jikoni.

*

Binti wa mapokezi hakucheka wala hakuuliza. Kioo kilimwambia kila kitu kiko sawa: jina, mrithi, cheti cha kifo nambari moja, mbili, tatu, nne, tano. Alisogeza karatasi na kalamu.

“Pole sana, mwalimu,” alisema kwa sauti ndogo. Kama alikumbuka lile lalamiko, hakuonyesha. Pengine alikumbuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa pole yenyewe.

“Ahsante,” alijibu. Akasaini, na kwa mara ya kwanza akasoma yote yaliyoandikwa juu ya saini yake.

*

Upasuaji ulifanyika. Daktari alisema ugonjwa umesimama, ingawa kilichokwisha kuliwa hakirudi. Bandeji ilipotoka, bibi aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kidoti aligundua mahali pa kusimama ili aonekane. Alisimama hapo hapo, akavua kiatu, akaonyesha meno yake, akaonyesha mchoro, na bibi alisema naona, naona, naona.

Habari nyingine hazikuwa nzuri. Baba Kidoti alipata kazi ya muda ya kuingiza orodha ya bidhaa kwenye kompyuta ya ghala moja. Chupa zilizobaki zilikuwa zinapungua kwenye rafu, kila mtu akizitazama bila kuzitaja. Na bibi alikuwa na masharti: asiende hospitali na jina lake, asikae mlangoni watu wa Mfuko wakipita kwenye uhakiki wa wastaafu wa mtaani. Na asipokee simu kamwe. Baba Kidoti mwenyewe aliwahi kuweka kwenye mpango wa mradi kwamba familia zilizolipwa zipigiwe kuulizwa kama zilihudumiwa vizuri, na nambari ya kwanza ambayo mfumo unaipiga ni ya marehemu, kwa kuwa mara nyingi hubaki na ndugu. Mama Kidoti alitaka waitupe laini ile. Bibi akakataa. Watu wa zamani wa swichibodi walikuwa na nambari hiyo tu, na walikuwa wanakufa mmojammoja.

Ilipigwa mchana, cherehani ikiwa inakwenda. Mama Kidoti akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Simu ilikuwa mapajani mwa bibi. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chenyewe, bila macho, kama kilivyokuwa kinafika maisha yake yote. Hakuna simu iliyowahi kulia mara nne mbele yake.

Aliisogeza karibu na jicho la kulia, akaitafuta nambari ndani ya lile tundu lake, akaipata. Ilikuwa ya Mfuko.

“Bibi, simu,” Kidoti alisema.

Ikalia. Zamani, mabosi walipokuwa wamekaa pale pale nyuma ya mlango wanakunywa chai, bibi alikuwa na sentensi moja ya kuwaambia wapigaji, na aliisema kwa upole mpaka watu wakaiamini.

“Bibi, inalia. Pokea.”

“Iache, mjukuu wangu,” bibi alisema kwa sauti ile ile ya kazini. “Mwenyewe hayupo.”

Aliishika kwa mikono miwili mpaka ilipochoka. Kisha Mama Kidoti, kwa kuwa mteja alikuwa anakuja jioni, akakanyaga cherehani tena.